Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

Mtu asafiriye kwa barabara kuu kutoka Iringa mjini kwenda Mbeya, akapita Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, hawezi kudhani hata kidogo kwamba apita katika nchi yenye watoto waliopungukiwa lishe. Kulia na kushoto aona mahindi na viazi. Chai ya Mufindi haiko mbali naye, mpunga wa Usangu umo bondeni, na mbele ya Mbeya iko Rungwe yenye ndizi, maziwa na maparachichi. Makambako yana maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mikoa hii ndiyo ilishayo miji yetu, na mwaka ambao mvua hukosekana kwingine, macho ya nchi nzima huelekea huku.

Kwa sababu hiyo matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 yafaa yasomwe mara mbili. Katika Tanzania nzima, watoto 30 katika kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa walikuwa 57. Hakuna mkoa mwingine uliofikia hesabu hiyo. Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa, ilifuata kwa watoto 50 katika kila 100, na Rukwa ikawa karibu sawa nayo. Mbeya ilikuwa na 32 hivi.

Si hayo tu. Utafiti kama huo wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha Iringa ikiwa na 42 na Mbeya 38. Maana yake ni kwamba mikoa miwili iliyo katika barabara moja, yenye mvua karibu sawa na mazao karibu sawa, imekwenda njia mbili mbalimbali: mmoja umeshuka, mwingine umepanda. Twajua kwamba hesabu za namna hii hutokana na watoto wachache waliochaguliwa kuwakilisha wengi, na kwa hiyo tofauti ndogo kati ya mwaka na mwaka haifai kupigiwa kelele. Lakini uchunguzi mwingine wa lishe wa mwaka 2018 uliikuta Iringa na 47. Hesabu tatu mfululizo zikielekea upande mmoja, mtu mwenye busara haendelei kusema kwamba mizani ilikosea.

Kwanza tueleze udumavu ni nini, maana neno hili limesemwa sana mikutanoni hata limeanza kupoteza maana. Mtoto aliyedumaa si lazima awe amekonda. Aweza kuwa na mashavu, akacheza, akacheka. Kosa lake ni urefu: hakufikia kimo cha umri wake. Na kwa kuwa mtoto wa jirani naye yu hivyo hivyo, mama haoni jambo. Wazee nao husema, “Sisi ukoo wetu ni wafupi,” na maneno yakaishia hapo.

Wataalamu walilijaribu dai hilo la ukoo. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa nchi sita, nazo ni Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto wa mama wasiovuta sigara, walionyonyeshwa sawasawa na kutunzwa vizuri. Ikaonekana kwamba mtoto wa Accra, mtoto wa Muscat na mtoto wa Oslo, wakitunzwa hivyo, hukua karibu sawa katika miaka mitano ya kwanza. Kutokana na kazi hiyo vilitolewa mwaka 2006 vipimo ambavyo hata zahanati zetu huvitumia. Ukoo una sehemu yake katika urefu wa mtu mmoja mmoja, hilo halikanushwi. Lakini ukoo hauwezi kudumaza nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Kilicho kibaya zaidi ni kwamba kimo ni alama tu. Mwili ambao haukupata cha kujengea mifupa haukupata pia cha kujengea ubongo na kinga ya maradhi. Kazi hiyo hufanyika hasa tangu mimba inapotunga hadi mtoto atimizapo miaka miwili, yaani siku kama 1,000. Zikipita, sehemu kubwa ya hasara hairudi. Mwalimu wa darasa la kwanza hupokea mtoto ambaye hesabu yake ilikwisha kufungwa miaka minne kabla.

Sasa, yasemwapo mambo haya, wako watu wepesi wa kuwanyoshea kidole akina mama. Husema kwamba mama wa Nyanda za Juu ni mjinga, ana chakula lakini hajui kumlisha mtoto. Sisi hatukubaliani na usemi huo, na sababu zetu hatuzichukui mbali. Zimo katika kazi iliyofanyika Iringa yenyewe.

Mnamo mwaka 1983 na 1984 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotoka Italia, ilianzisha Mpango wa Lishe wa Iringa katika vijiji 168. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo. Jambo lililoutofautisha mpango huu na mingine ni mizani. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi wao na viongozi wao, na matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji kabla hayajapelekwa popote. Watu waliulizana: huyu amepungua kwa nini? Mama yake yu wapi mchana? Nani amwachie mtoto? Wakaamua la kufanya, kisha baada ya miezi mitatu wakapima tena waone kama uamuzi wao ulifaa.

Walichogundua wanakijiji wenyewe kilikuwa hiki: tatizo la kwanza halikuwa ukosefu wa unga ndani ya nyumba. Mtoto alilishwa mara chache kwa siku, kwa kuwa mama alikuwa shambani, mtoni au msituni kutafuta kuni, na mtoto ameachwa kwa dada yake mwenye umri wa miaka saba. Ndipo vikaanzishwa vituo vya kulelea watoto na kuwalisha mchana. Katika miaka ipatayo minne, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vile walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya 40 katika kila 100. Wale waliokuwa katika hali mbaya kabisa, ambao ndio hufa, walishuka kutoka 6 hivi hadi 2 katika kila 100.

Dunia ilijifunza kwa Iringa. Mchoro ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990 kueleza sababu za utapiamlo, ukianza na chakula na maradhi, ukashuka hadi malezi, maji, kazi ya mama, na chini kabisa mgawanyo wa mali na madaraka, ulitokana kwa sehemu kubwa na yaliyoonekana katika vijiji vya Iringa. Mchoro huo hufundishwa leo katika vyuo vya Ulaya na Asia. Twauliza kama wafundishwa vya kutosha katika vijiji ulikotoka.

Katika miaka hiyo hiyo, wataalamu wa Taasisi walikuwa wakilichunguza jambo lingine lionekanalo dogo, nalo ni uji. Tunaomba msomaji atuvumilie kidogo hapa, kwa kuwa hesabu ya uji ndiyo kiini cha shauri hili.

Mtoto wa miezi saba mwenye kilo 8 ana tumbo liwezalo kuchukua robo lita hivi kwa mlo, yaani kikombe kimoja. Mbali na maziwa ya mama, ahitaji kalori kama 200 kwa siku kutoka chakula kingine. Akiwa na mwaka na zaidi, ahitaji kama 550. Sasa unga wa mahindi ukitiwa katika maji ya moto huvimba. Ukitia mwingi, uji huwa mzito kama ugali na mtoto hawezi kuumeza. Kwa hiyo mama, kwa upendo wala si kwa ujinga, huongeza maji mpaka uwe laini. Katika kikombe cha uji mwepesi kama huo mna gramu 12 hivi za unga, na kalori zake ni kama 42. Mtoto wa miezi saba atahitaji vikombe vitano kwa siku. Mwenye mwaka na nusu atahitaji 13! Hakuna mtoto awezaye kunywa vikombe 13 vya uji, na hakuna mama wa mkulima awezaye kuwasha moto mara 13. Mtoto hushiba, tumbo limejaa, kumbe amejazwa maji.

Dawa yake ilikuwa ikijulikana na kila mpika pombe wa Nyanda za Juu. Ni kimea. Nafaka iliyoloweshwa ikachipua, ikakaushwa na kusagwa, ina kimeng'enya chenye kukata wanga vipande vipande. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito ulio vuguvugu, baada ya dakika chache uji ule hulainika na kunyweka, bila kuongezwa tone la maji. Kikombe kile kile sasa chaweza kuchukua gramu 48 za unga, yaani kalori karibu 170. Mtaalamu Alwar Mosha, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, waliyachunguza haya kwanza maabara, kisha katika kijiji cha Luganga, na wakaona kwamba watoto waukubali uji huo. Baadaye wenzao, akiwemo Wilbald Lorri, walichunguza togwa, kinywaji ambacho bibi zetu walikuwa wakiwapa watoto tangu zamani. Wakaona kwamba uji uliochachushwa vile huzuia vijidudu vya kuhara, na kwamba watoto walioupata waliharisha mara chache zaidi.

Mtu atauliza, ikiwa dawa ilijulikana, mbona watoto wangali wanadumaa? Kwa maoni yetu, jibu moja ni kwamba kimea chenyewe ni kazi. Kulowesha, kusubiri, kukausha, kuondoa chipukizi (na katika mtama yapasa ziondolewe kweli, kwani zina sumu), kisha kusaga, yote hayo yamwangukia mama yule yule ambaye tatizo lake la kwanza lilikuwa kukosa nafasi. Jibu la pili ni kwamba kimea huongeza nguvu ya uji lakini hakigeuzi mahindi kuwa maharage. Mahindi peke yake, yawe mengi namna gani, hayana protini ya kufaa wala madini ya chuma na zinki ya kutosha kwa mwili unaojengwa. Kituo cha utafiti cha Uyole, kilicho nje kidogo ya Mbeya, kimezalisha mbegu za maharage zijulikanazo nchini kote. Maharage hayo hupakiwa katika malori kwenda Dar es Salaam. Maziwa ya Rungwe nayo huamkia barabarani. Hatulaumu biashara, mkulima ahitaji fedha. Ila fedha iletwayo na gunia la maharage hairudi daima katika sufuria ya mtoto, na katika nyumba nyingi aliyelima si yeye anayeishika.

Yako mambo ambayo watafiti wa miaka ya 1980 hawakuyajua, na ambayo leo yajulikana. La kwanza ni sumukuvu. Mahindi yaliyoingiwa na kuvu shambani au ghalani hubeba sumu isiyoonekana kwa jicho. Katika wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro, Martin Kimanya na wenzake waliwafuatilia watoto wachanga, na mwaka 2010 walitangaza kwamba waliokula sumu ya fumonisini kupita kiasi kiruhusiwacho walikuwa, walipofikia mwaka mmoja, wafupi kwa sentimeta 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Utafiti mwingine, uliotangazwa mwaka 2015, uliwafuatilia watoto 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Nao ulikuta kwamba fumonisini nyingi mwilini ilikwenda pamoja na ukuaji hafifu.

Hapo wananchi wapata shauri gumu. Kwa miaka mingi wameambiwa wale dona, kwa kuwa sembe imevuliwa virutubisho. Sasa waambiwa kwamba sumu hukaa sana katika ganda, na kukoboa huipunguza. Yote mawili ni kweli. Lipasalo kufanywa kwanza ni kuchambua: punje zilizooza, zilizopasuka na zilizobadilika rangi zitolewe kabla ya kusaga, na mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Na zile mbovu zisitiwe katika pombe, kwa kuwa sumu hii haiondoki yote kwa kupikwa, na mama mwenye mimba naye hupokea kata.

La pili ni utumbo. Kwa muda ilidhaniwa kwamba vyoo na maji safi vitamaliza udumavu, maana mtoto atambaaye ardhini humeza uchafu wa kuku na wa watu, na utumbo wake hupoteza nguvu ya kunyonya chakula. Majaribio makubwa yalifanywa magharibi mwa Kenya na nchini Zimbabwe. Vyoo, maji na sabuni havikuongeza kimo cha watoto. Chakula bora cha nyongeza kiliongeza, ingawa kidogo. Kule Haydom, mkoani Manyara, watoto 1,188 walihusika katika jaribio la kupewa dawa za kuua vijidudu na vitamini, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kimo hakikubadilika. Njombe yenyewe ni ushahidi: Halmashauri ya Wilaya ya Njombe imepata kushinda mashindano ya taifa ya usafi, na vyoo vyake vyasifiwa, lakini watoto wa mkoa ule bado wanadumaa. Hatusemi vyoo viachwe. Vyoo huokoa watu kutoka maradhi mengi. Twasema tu kwamba asidhani kiongozi yeyote kuwa akihesabu vyoo amewahesabu watoto.

Tena kuna mambo yanayoanza kabla ya uji. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, kwa kuwa mama alilima hadi mwezi wa mwisho akiwa na upungufu wa damu, huanza safari akiwa nyuma. Na mikoa hii ndiyo iliyoshikwa sana na Ukimwi. Uchunguzi wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Shukrani kwa dawa, mama mwenye virusi azimezaye sawasawa ashauriwa kumnyonyesha mwanawe kama mama mwingine yeyote, naye mtoto akabaki salama kwa sehemu kubwa. Lakini hofu ya zamani haijaondoka katika vijiji, na wako akina mama wanaokatisha ziwa mapema kwa uvumi wa miaka 20 iliyopita.

Sayansi yasema mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama tu, bila hata maji, kwa miezi sita. Mwaka 2022 watoto waliotimiziwa hilo nchini walikuwa 64 katika kila 100. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mama likizo ya siku 84, kisha nafasi ya saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 hazifiki miezi mitatu! Na hata hizo ni za mwenye ajira. Mchuma majani ya chai wa kibarua na mama anayelima shamba lake mwenyewe huko Kilolo wana likizo gani? Mama yule wa shamba anyimwa nafasi na kuni, na ndoo, na palizi, na mume ambaye jioni yuko kilabuni kwenye ulanzi. Ikiwa akina baba wa mikoa hii wataka kujua sehemu yao katika utafiti wa lishe ya watoto wachanga, basi ndiyo hiyo: saa mbili za mama kila siku. Kuni zikiletwa na baba, uji waweza kupikwa mara nne badala ya mbili.

Kwa upande wa Serikali, Mkataba wa Lishe ulitiwa saini na wakuu wa mikoa mwaka 2017, na mwingine mwaka 2022. Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Hiyo ni bei ya mayai machache. Hata hivyo tusiidharau. Neno letu ni juu ya matumizi yake. Fedha hiyo isiishie katika posho za vikao na magari ya kwenda kwenye uzinduzi, ila ionekane katika siku ya afya na lishe ya kijiji, na katika mbao za kupimia urefu, ambazo ni muhimu kuliko mizani pekee kwa sababu mizani haioni udumavu.

Na hapa kuna jambo la haraka. Kwa miaka mingi kupima watoto wetu kulitegemea sana fedha za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilikatisha misaada hiyo, na mpango uliokuwa ukigharimia tafiti za afya ya uzazi na mtoto katika nchi nyingi ulisimamishwa pamoja nayo. Twakiri kwamba hata ule Mpango wa Iringa ulilipiwa na Waitalia, kwa hiyo hatujidai kwamba zamani tulijitegemea kwa kila kitu. Lakini kipimo kile hakikuwa cha kigeni. Kilikuwa mizani iliyotundikwa kwenye mti, daftari, na mhudumu wa afya anayejua kusoma, na waliojadili matokeo walikuwa wazazi.

Twaishauri mikoa ya Iringa na Njombe irudishe kazi hiyo katika kila kijiji, safari hii kwa kimo pamoja na uzito, na matokeo yasomwe katika mkutano wa kijiji kabla ya kutumwa wilayani. Twavishauri pia vyuo na vituo vya utafiti, kikiwemo kile cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa kilicho Mbeya, vichunguze kwa pamoja kwa nini Mbeya ilishuka na Iringa ikapanda. Je, ni maziwa na ndizi za Rungwe na mchele wa Kyela? Je, ni sumukuvu? Ni mashamba ya chai na misitu yanayowachukua akina mama mchana kutwa? Swali hili lina jibu, na ni nafuu kulitafuta kuliko kuendelea kukisia. Likipatikana, lisomwe kwa Kiswahili, kwanza katika vijiji ambavyo watoto wao walitolewa damu na mkojo ili lipatikane.